Asmaa Bint ‘Umays: Mama Aliyejifungua Njiani Akienda Hajj

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Himdi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote, na Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, Swahaba zake na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Qiyaamah.

Amma ba‘d,

Kina mama waliojifungua wana maswali yanayofanana. Mwili bado una maumivu, damu haijakatika, mtoto halali usiku, na kabla ya uzazi mama alikuwa na nia zake: kwenda Hajj au ‘Umrah, kumaliza masomo, kurudi katika biashara yake, kuhifadhi Qur-aan. Anauliza: je, yote hayo ndiyo yamekwisha? Katika majibu anayopewa nyumbani, mara nyingi husikia moja kati ya mawili. Huambiwa kwamba mzazi hana lake mpaka arobaini itoke, akae tu. Au hutakiwa ainuke siku ya tatu apike, afue na apokee wageni, kana kwamba hakuna lililompata.

Tumeona ni vyema tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya Swahaba mwanamke ambaye jambo hili lilimfika hasa, na jibu lake likatoka kwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) mwenyewe. Naye ni Asmaa bint ‘Umays (Radhwiya Allaahu ‘anhaa).

Nasaba Yake Na Kusilimu Kwake

Asmaa ni wa kabila la Khath‘am. Mama yake ni Hind bint ‘Awf, bibi ambaye wanahistoria humtaja kuwa hakuna aliyepata wakwe wa kiume watukufu kuliko yeye. Mabinti zake ni pamoja na Maymuunah, Mama wa Waumini, Ummul-Fadhwl, mke wa al-‘Abbaas, Salmaa, mke wa Hamzah, na huyu Asmaa, aliyeolewa na Ja‘far bin Abiy Twaalib, binamu yake Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam).

Alisilimu mapema sana, wakati Waislamu walikuwa wachache na wenye kuteswa. Mateso ya Maquraysh yalipozidi, yeye na mumewe walivuka bahari kwenda Habashah, nchi ya mfalme an-Najaashiy, ambaye kwake hakudhulumiwa mtu.

Uzazi Ugenini

Habashah ndiko Asmaa alikokuwa mama. Huko aliwazaa watoto watatu: ‘Abdullaah, Muhammad na ‘Awn. Aliwazaa katika nchi isiyokuwa yake, penye lugha nyengine na dini nyengine. Mumewe alikuwa kiongozi na msemaji wa Waislamu mbele ya mfalme. Ni Ja‘far aliyesimama katika baraza ya an-Najaashiy akasoma mwanzo wa Suwrah Maryam, yenye kisa cha mama aliyeshikwa na uchungu peke yake chini ya mtende. Mkewe naye alikuwa akiyajua ya uchungu na ugeni kwa nafsi yake.

Walikaa Habashah zaidi ya miaka kumi. Waliporudi kwa jahazi mwaka wa 7 Hijriyah (628 Miladia), vita vya Khaybar vilikuwa vimemalizika. Asmaa alikwenda kumzuru Hafswah, mke wa Mtume, na huko akakutana na ‘Umar (Radhwiya Allaahu ‘anhu). ‘Umar akamwambia kwamba wao waliohamia Madiynah wamewatangulia watu wa jahazi katika Hijrah, basi wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alikasirika. Alimjibu kuwa wao walikuwa pamoja na Mtume, akimlisha mwenye njaa wao na kumfundisha asiyejua, na ilhali sisi, alisema, tulikuwa nchi ya mbali kwa ajili ya Allaah na Mtume Wake, tukiudhiwa na kuogopeshwa. Akaapa kutokula wala kunywa mpaka amfikishie Mtume maneno hayo.

Alimfikishia. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akamjulisha kwamba ‘Umar na wenzake wana Hijrah moja, na watu wa jahazi wana Hijrah mbili. Hadiyth hii imo katika Swahiyh mbili, ya al-Bukhaariy na ya Muslim. Watu wa jahazi walikuwa wakimjia Asmaa makundi makundi awasimulie, kwani hawakuwa na jambo la dunia lililowafurahisha kuliko hilo. Mama aliyekuwa akilea watoto watatu ugenini miaka yote ile hakukubali ihesabiwe kuwa si kitu, naye Mtume akamthibitishia.

Kufiwa Akiwa Na Watoto Wadogo

Mwaka mmoja tu ulipita. Mwaka wa 8 Hijriyah (629) Ja‘far aliuawa shahidi katika vita vya Mu’tah, nchi ya Shaam. Imepokewa kutoka kwa Asmaa mwenyewe katika Musnad ya Imaam Ahmad kwamba siku hiyo alikuwa ameshatengeneza ngozi zake, amekanda unga wake, amewaogesha wanawe, amewapaka mafuta na kuwasafisha. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akaingia, akataka aletewe watoto wa Ja‘far. Akawanusa, na macho yake yakatoka machozi. Asmaa akatambua. Akauliza, akaambiwa, akapiga ukelele mpaka wanawake wakamkusanyikia.

Mtume akatoka kwenda kwa watu wa nyumbani kwake, akawaamrisha wawapikie chakula jamaa wa Ja‘far, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hii ndiyo asili ya Sunnah ya majirani kuwapikia wafiwa. Na Asmaa alipomtajia uyatima wa watoto wake, Mtume alimtuliza asiwaogopee ufukara, kwani yeye ndiye msimamizi wao duniani na Aakhirah.

Afya ya watoto hao nayo haikusahauliwa. Katika Swahiyh Muslim imo kwamba Mtume aliwaona watoto wa Ja‘far wamekonda, akamuuliza Asmaa kama ni kwa sababu ya njaa. Akajibu kuwa sivyo, bali jicho la hasad huwawahi haraka. Akamwambia awafanyie ruqyah. Naye Asmaa hakujisomea tu. Alimwonyesha kwanza maneno anayoyasoma, akaruhusiwa. Tuzingatie kwamba swali la kwanza la Mtume lilikuwa juu ya chakula. Mtoto akikonda huulizwa kwanza anakula nini, na kwa zama zetu hupelekwa kliniki akapimwa, na ruqyah ya Kishari‘ah ikaenda pamoja na hayo.

Dhul-Hulayfah: Mtoto Amezaliwa Njiani

Baada ya eda yake kwisha, Asmaa aliolewa na Abuu Bakr asw-Swiddiyq (Radhwiya Allaahu ‘anhu). Mwaka wa 10 Hijriyah (632) ikatangazwa kuwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) anakwenda Hajj. Watu wengi mno walikuja Madiynah, kila mmoja anataka kuhiji pamoja naye. Jaabir (Radhwiya Allaahu ‘anhu) amesimulia kuwa alitazama mbele, kulia, kushoto na nyuma, akaona watu mpaka upeo wa macho yake.

Asmaa alikuwa na mimba kubwa, lakini aliingia katika msafara. Walitoka Madiynah zikiwa zimebaki siku chache mwezi wa Dhul-Qa‘dah kwisha, wakalala Dhul-Hulayfah, pahala panapoitwa leo Abyaar ‘Aliy, kiasi cha kilomita kumi kutoka Madiynah. Hapo ndipo miyqaat ya watu wa Madiynah, na hapo ndipo Asmaa alipojifungua mtoto wa kiume, Muhammad bin Abiy Bakr.

Tuitafakari hali yake. Makkah bado iko mbali, zaidi ya kilomita mia nne, mwendo wa ngamia wa siku nane hivi. Msafara unajiandaa kuhirimia. Mwili wake umetoka katika uzazi, damu inatoka, mtoto mchanga mkononi. Kurudi Madiynah ni mwendo wa saa chache tu. Lau angeambiwa arudi, hakuna ambaye angeona ajabu.

Asmaa hakujiamulia peke yake kwamba safari imekwisha, wala hakuendelea kwa kukisia. Alituma kuulizwa: afanye nini? Katika riwaya ya Jaabir iliyomo Swahiyh Muslim, yeye ndiye aliyepeleka swali. Na katika riwaya nyengine, Abuu Bakr ndiye aliyekwenda kwa Mtume, naye ndiye aliyeamrishwa amfikishie jibu. Hakuna mgongano: mke aliuliza na mume akalibeba swali lake. Abuu Bakr, katika shughuli zote zile na heshima yake yote, hakuona haya kwenda kuuliza habari ya damu ya uzazi ya mkewe.

Jibu lilikuwa na mambo matatu: aoge, ajifunge kitambaa kwa kukikaza barabara pahala pa damu, kisha ahirimie. Na katika riwaya ya an-Nasaaiy imeongezwa kuwa afanye wayafanyayo watu isipokuwa hatotufu Al-Ka‘bah.

Jibu ni fupi, lakini linamtosheleza kila upande. Kuoga kule hakukuwa kwa kuondoa nifasi, kwani damu ilikuwa bado inatoka. Kulikuwa kwa ajili ya usafi na utukufu wa ihraam, na kutokana nako Maulamaa wamesema kuoga kwa ajili ya ihraam ni Sunnah hata kwa mwenye hedhi na nifasi. Kitambaa kilikuwa kwa ajili ya hali ya mwili wake: Mtume hakuifumbia macho damu, bali alimfundisha namna ya kuidhibiti ili aweze kusafiri. Hicho si mkaja wa kufunga tumbo tunaoujua kwetu, bali ni mfano wa sodo iliyofungwa kiunoni. Na kuhirimia kulikuwa kwa ajili ya nia yake: Hajj aliyoikusudia haikuzuiliwa. Kilichocheleweshwa ni kimoja tu, Twawaaf, mpaka atwahirike. Kuitikia Talbiyah, kusimama ‘Arafah, kulala Muzdalifah, kurusha vijiwe, kuomba du‘aa, hayo yote hayahitaji twahara ya nifasi. Hukumu hiyohiyo ndiyo aliyopewa Mama wa Waumini ‘Aaishah (Radhwiya Allaahu ‘anhaa) katika safari ileile, alipoingia katika hedhi wakiwa karibu na Makkah.

Maisha Baada Ya Hapo

Malezi ya mtoto huyo hayakumzuia Asmaa kuwafaa watu. Kabla Muhammad hajatimiza mwaka, Faatwimah (Radhwiya Allaahu ‘anhaa), binti wa Mtume, aliugua maradhi ya mauti. Alichukia jinsi mwili wa mwanamke unavyoonekana umbo lake ukibebwa chini ya nguo moja. Asmaa akamweleza alichokiona Habashah, akaagiza makuti mabichi, akayapinda juu ya kitanda na kukifunika nguo. Faatwimah akaliridhia, akausia afanyiwe hivyo, na Asmaa akawa miongoni mwa waliomuosha. Jeneza la mwanamke lenye kusitiriwa tunalolibeba leo asili yake ni hapo.

Alikuwa pia na ujuzi wa dawa. Katika Sunan ya at-Tirmidhiy imepokewa kuwa Mtume alimuuliza anatumia nini kulainisha tumbo. Akataja mti mkali, akaelezwa kuwa huo ni moto sana, na baadaye akatumia sanamaki, dawa ambayo mpaka leo iko katika maduka yetu. Na katika Sunan ya Abuu Daawuud imo kwamba ndiye aliyemuulizia Mtume hali ya Faatwimah bint Abiy Hubaysh, aliyekuwa na damu ya istihaadhwah na akaacha kuswali kwa muda. Mwanamke aliyepata jibu katika nifasi yake akawa ni wa kuwaulizia wenzake.

Mwaka wa 13 Hijriyah (634) Abuu Bakr naye akafariki, mtoto wao ana miaka miwili na miezi. Aliusia Asmaa amuoshe. Imepokewa katika Twabaqaat ya Ibn Sa‘d kuwa alimsisitiza afungue swaumu siku hiyo ili apate nguvu ya kazi ile. Na katika Muwatwtwa ya Imaam Maalik imo kwamba alipomaliza kumuosha, alitoka akawauliza Muhaajiruwn waliohudhuria: yeye amefunga, na baridi ni kali, je, ni lazima aoge? Wakamjibu kuwa si lazima. Hata siku ya kufiwa na mume hakuona vibaya kuutazama mwili wake na kuuliza kama Dini imempa nafasi.

Baadaye aliolewa na ‘Aliy bin Abiy Twaalib (Radhwiya Allaahu ‘anhu) na akamzalia Yahyaa. Muhammad bin Abiy Bakr akalelewa katika nyumba hiyo pamoja na ndugu zake wa kwa Ja‘far. Siku moja Muhammad huyu na Muhammad bin Ja‘far walishindana ni baba yupi bora, na ‘Aliy akamtaka mama yao ahukumu. Akasema hakuona kijana wa Kiarabu bora kuliko Ja‘far, wala mtu mzima bora kuliko Abuu Bakr. ‘Aliy akamtania kuwa basi yeye hakubakishiwa kitu.

Mwisho wa umri wake ulikuwa na mtihani mzito. Mwaka wa 38 Hijriyah (658), katika fitnah za zama zile, mwanawe aliyezaliwa Dhul-Hulayfah aliuawa Misri. Imepokewa kuwa habari ilipomfika alikwenda penye mswala wake akaizuia ghadhabu yake. Allaah Awe radhi naye.

Yanayotuhusu Leo

Kutokana na kisa hiki na dalili nyengine, tunawakumbusha wasomaji wetu mambo yafuatayo:

Kwanza, nifasi haina uchache maalumu. Damu ikikatika kabisa siku ya 15 au ya 20, mama ataoga na kuswali, haisubiriwi arobaini. Siku 40 ni ghalibu ya wanawake. Ukomo wa wingi katika madhehebu ya Imaam ash-Shaafi‘iy ni siku 60, na Maulamaa wengine wamesema 40. Wapo wanaokaa bila Swalah ilhali wameshatwahirika, kwa sababu tu arobaini haijatolewa. Hilo si sahihi.

Pili, aliyejifungua kwa upasuaji na akakatazwa na daktari kutia maji penye kidonda, wakati wa kuoga akishatwahirika ataosha palipo pazima, atapangusa juu ya bendeji na atatayammamu kwa ajili ya pahala pa kidonda. Na asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa.

Tatu, mwenye nifasi hafungi Ramadhwaan, na atalipa baadaye. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wakihofia nafsi zao, au nafsi zao pamoja na watoto, watafungua na kulipa. Wakihofia mtoto tu, katika madhehebu ya ash-Shaafi‘iy watalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Nne, mwenye nifasi hajafungiwa kheri. Dhikri, du‘aa, kumswalia Mtume, kusikiliza Qur-aan, kusoma elimu, kutoa swadaqah, yote yako wazi kwake. Mwenye nia ya kusoma au ya kazi ya halali apange kwa kadiri ya afya yake na haki ya mtoto, na kuchelewa si kuacha. Twawaaf ya Asmaa ilingoja twahara, na Hajj yake haikuvunjika kwa kungoja.

Tano, tunawausia waume. Allaah Ameitaja katika Qur-aan taabu ya mama kubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, na Amemuwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Kumkanda mzazi, kumfunga mkaja na kumpikia uji wa pilipili manga ni wema tulioukuta kwa bibi zetu, lakini usiwe kazi ya wanawake peke yao. Mume amuulize mkewe anajionaje, amsikilize, na ayachukue maswali yake kwa mwenye elimu na kwa daktari kama Abuu Bakr alivyofanya. Damu ikizidi, homa ikapanda, kichwa kikauma sana au macho yakaona kiza, apelekwe hospitali mara moja, asiambiwe avumilie. Na akiwa analia kila siku, hali, hana hamu ya mtoto, au anasema maneno ya kukata tamaa, asihukumiwe kuwa ni udhaifu wa iymaan. Hayo huwa ni maradhi yanayowapata wazazi na yana tiba, na Mtume ametufundisha kujitibu.

Sita, tunamuusia mama mwenyewe asione haya kuuliza. Asmaa aliuliza akiwa katika damu, aliuliza akiwa na watoto waliokonda, aliuliza akiwa ametoka kumuosha mumewe. Kila alipouliza alipewa njia anayoiweza, na mamilioni ya wanawake baada yake wamehiji kwa jibu alilopewa yeye pale Dhul-Hulayfah.

Tunamuomba Allaah Awape shifaa na nguvu kina mama wote waliojifungua, Awakuze watoto wao katika twaa Yake, Awatimizie nia zao za kheri, na Awajaalie waume kuwa wenye huruma. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.